Bibi wa Uru anataka kuniuzia cherehani yake ya Singer, nimpe hiyo bei au? Na wanaokusanya vitu vya zamani Moshi na Arusha mnapata wapi?

Mama Chemli, Moshi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mnivumilie nitaandika kirefu kidogo.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilienda Kiboriloni kutafuta viatu vya shule vya mwanangu, nikapita pale wanapotandika vyuma chini kwenye turubai, misumari iliyonyooshwa, makufuli yasiyo na funguo, spana, katikati yake nikaona chemli. Imejaa masizi yote lakini kioo kizima. Nikaigeuza nikasugua na kidole gumba yakatokea maandishi Feuerhand, na pembeni W. Germany. Kijana akasema buku tano nikampa nne tukamalizana. Nyumbani nikaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikatia utambi mpya na mafuta ya taa, na usiku ule ule umeme ukakatika nikaiwasha. Jamani. Ule mwanga wa njano ukutani na ile harufu, nikamuona bibi yangu mzaa mama kabisa anatoka zizini na ndoo ya maziwa huku chemli imening'inia kwenye kidole kimoja. Nilikaa pale mpaka umeme ukarudi na sikuwasha taa.

Baadaye ndo nikajua kumbe hayo maandishi tu yanakwambia umri, maana Ujerumani Magharibi ilikuwepo 1949 mpaka 1990, kwa hiyo chemli yangu haiwezi kutoka nje ya hapo. Kitu kidogo hivyo lakini kilinifurahisha wiki nzima. Toka hapo sijaacha. Nina chemli mbili, pasi ya mkaa yenye jogoo pale kwenye kifungio, birika la enameli la bluu, na santuri tatu ambazo sina hata cha kuchezea.

Sasa swali langu. Jirani wa mama mkwe kule Uru, bibi wa miaka themanini na kitu, amesikia napenda vitu vya zamani akaniita. Ana cherehani ya mkono, Singer, kwenye sanduku lake la mbao lenye kifuniko cha mviringo. Haizunguki, imeganda. Anataka elfu arobaini. Mi moyo unaitaka lakini naogopa nitakuwa namdhulumu, na naogopa pia isijekuwa chuma tu. Wenye uzoefu nisaidieni, nitajuaje ni ya mwaka gani, bei ni halali, na kugandua inawezekana? Na wenzangu mnapata wapi vitu kwa huku kwetu?

Kijana wa Soweto

Chukua leo leo dada. Skrepa, wale wanunuzi wa vyuma chakavu, akipita kabla yako anaipima kwa kilo, basi imeisha.

Fundi Sanawari, Arusha

Dada pole pole, usikimbilie pesa kwanza. Mi ni fundi cherehani, baba alikuwa fundi cherehani, nimekulia chini ya meza ya kushonea.

Angalia kwenye kitako cha mashine upande wa kulia, karibu na gurudumu la mkono, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Futa vumbi na kitambaa kikavu uisome. Kama inaanza na herufi Y, ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kati ya 1921 na 1935. Kama ni herufi mbili na ya kwanza ni E, ni Clydebank hiyo hiyo ila kuanzia 1935 kuja juu. Ukikuta jina la modeli lina K mwishoni, kama 28K au 15K au 99K, hiyo K ni Kilbowie, pale pale Clydebank kiwanda kilipokuwa. Kilifungwa 1980. Nyingi nilizokutana nazo mimi huku kaskazini zimetoka huko.

Kuganda kusikutishe hata kidogo. Mara tisa kati ya kumi mashine ya hivyo haijafa. Kilichotokea ni hiki, mtu alikosa mafuta ya cherehani akatia mafuta ya kupikia. Yale yakikaa yanageuka gundi ya rangi ya kahawia, inashika kila kiungo, hata ukisukuma gurudumu kwa mikono miwili haliendi. Usilazimishe! Dondoshea mafuta ya taa kidogo kidogo kwenye kila tundu na kila sehemu chuma kinapokutana na chuma, acha usiku kucha, asubuhi tikisa gurudumu mbele nyuma kama unambembeleza mtoto, ongeza tena, acha. Inaweza kuchukua siku mbili, inaweza kuchukua wiki. Siku itakapoachia utaisikia mkononi kabla hujaiona. Ikishaachia unafuta mafuta ya taa yote, ndo unatia mafuta ya cherehani yenyewe, ile chupa ndogo, kwa sababu mafuta ya taa ukiyaacha yanakausha.

Jambo la pili nakuomba sana, yale maua ya dhahabu kwenye mwili mweusi usiyaguse na spiriti wala thina wala msasa. Rangi ya juu kwenye hizi za zamani ni shelaki, aina ya vanishi, spiriti inaiyeyusha inabaki ukungu mweupe na maua yanaondoka na kitambaa. Nimeona watu wanaua mashine nzuri kwa usafi. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani basi.

Sindano usihangaike. Hizi za nyumbani karibu zote, 15, 28, 66, 99, zinatumia sindano ile ile inayouzwa madukani leo. Mashine ya kabla ya vita ya Hitler inaingia sindano ya juzi, mi hilo jambo halijawahi kunichosha.

Sasa bei. Singer zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo usiambiwe na mtu kwamba umeokota dhahabu, huko Ulaya hazina bei kubwa kihivyo. Lakini cherehani ya mkono inayozunguka, hapa Arusha huipati kwa arobaini. Ushauri wangu, usinunue ikiwa imeganda. Nenda na chupa yako ya mafuta ya taa, igandue mbele yake pale pale kwake, halafu muulize tena bei. Bibi anauza mashine iliyokufa. Ikifufuka ni mashine nyingine na ana haki ya kuiamulia upya.

Mama Chemli, Moshi

Fundi Mungu akubariki. Nimempigia mjukuu wake kaenda kufuta vumbi, ni Y halafu namba saba. Na anasema kwenye ile sehemu ya chini kuna kitu kama mtumbwi mdogo wa chuma, ndani yake kijiti chembamba kirefu cha uzi badala ya kile kidude cha mviringo. Imepungukiwa?

Fundi Sanawari, Arusha

Haijapungukiwa, ndo inavyotakiwa! Huo mtumbwi unabeba uzi wa chini unakwenda mbele na kurudi nyuma. Itakuwa 28K au ndugu yake. Huo mtumbwi na vijiti vyake ndo roho ya mashine, mwambie mjukuu asivitoe kuchezea, vikipotea hapo ndo utahangaika kweli.

Dada Memorial

Dada karibu kwenye ugonjwa. Mi nauza nguo za mitumba soko la Memorial mwaka wa kumi na moja huu, na nakwambia raha yangu kubwa haiko kwenye faida, iko kwenye ile dakika belo linapokatwa kamba. Linavimba kama unga uliochacha, halafu ile harufu inatoka, na hujui kuna nini. Mama yangu aliuza haya haya tangu enzi watu wanayaita kafa Ulaya na mtu anajificha asionekane ananunua.

Watu wanadhani nguo ya zamani unaijua kwa kuchakaa. Hapana, unaijua kwa lebo na mshono. Jinzi ya Levi's angalia kale kakitambaa kekundu cha mfuko wa nyuma, kama neno limeandikwa LEVI'S lote herufi kubwa, hiyo ni ya kabla ya 1971, baada ya hapo ile e ikawa ndogo. Nimeshika moja tu maisha yangu yote na niliiuza buku tatu kabla sijajua, namkumbuka mpaka leo kaka aliyeinunua, alikuwa na baiskeli nyekundu. Fulana nayo geuza pindo la mkono, zile za zamani nyingi zina mshono mmoja, kuanzia katikati ya miaka ya tisini ndo mishono miwili ikatawala. Gauni au koti la kike la Marekani tafuta kwenye mshono wa ndani lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi, ILGWU. Kile chama kiliungana na kingine 1995 jina likabadilika, kwa hiyo ukiikuta nguo ni ya kabla ya hapo.

Ila iliyonigusa kuliko zote haikuwa na jina la kampuni yoyote. Koti la sufu la mtoto, kijani, kwenye kola ndani kimeshonwa kitambaa cheupe kina jina la mtoto kwa uzi mwekundu, kwa mkono, herufi moja imepinda. Mama wa watu huko aliko alikaa akashona lile jina koti lisipotee shuleni. Limesafiri mpaka Moshi. Sikuliuza na halivai mtu, limetundikwa ndani kwangu.

Redio ya Babu, Ngarenaro

Nimesoma hapa kwa Kijana wa Soweto anavyosema skrepa nikajikuta naandika na mimi.

Babu yangu Machame alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, mwili mzima chuma cha kusubu, kwenye bamba la mbele maandishi yamenyanyuka McKinnon, Aberdeen. Watoto tulikuwa tunapita vidole kwenye hizo herufi tukiwa hatujui hata kusoma. Kahawa yote aliyopeleka chama cha msingi ilipita hapo, ada zetu zote. Alipofariki tukajenga nyumba mpya, mi niko Arusha kazini, ndugu mmoja akawaita skrepa wakaipasua kwa nyundo ili ikae vizuri kwenye mkokoteni. Walimlipa kwa kilo. Nilifika Jumamosi nikakuta alama ya miguu ya mashine tu kwenye simenti. Sikugombana na mtu, ila siku hiyo ndo nilianza kukusanya.

Kwa hiyo dada swali lako la wapi, mi nitakujibu kwa lini. Desemba. Wachaga wote tunapanda nyumbani, watu wana hela na wana likizo, nyumba ya mzee inabomolewa, vitu vinarundikwa nje kihambani chini ya migomba. Ukisubiri Januari skrepa wameshavuna. Mi Desemba nazunguka na pikipiki natoa salamu tu, napewa mbege, naangalia rundo. Siku za kawaida nenda Tengeru Jumatano na Jumamosi, na Kilombero kwa wale wanaouza vifaa vilivyotumika. Na Arusha kuna watu wa mashirika wanaohama. Ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda iliyokuwa hapa Arusha ilipofunga 2015 kuna walioondoka na mabegi mawili tu wakaacha vitu vya miaka, hapo ndo nilipata gramafoni yangu.

Ugonjwa wangu mimi ni redio. Mnajua pale barabara ya Moshi panaitwa Philips, vijana wengi wanataja kituo cha daladala hawajui kwamba kulikuwa na kiwanda, redio zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Arusha. Niliyo nayo mimi ni kubwa zaidi ya hizo, ya mbao, ya vali, zile taa ndogo za kioo ndani, Made in Holland. Kwenye kioo cha stesheni wameandika majina ya miji, Hilversum, London, Paris, mshale unapita juu yake kama unasafiri. Nilipofungua mgongo nikakuta viota vya nyigu vya udongo vitatu na senti hamsini ya sungura. Nani aliiweka mle sijui.

Onyo kwa yeyote atakayepata redio ya vali, USICHOMEKE kwenye umeme kwa furaha. Zile kapasita, vidude vya ndani vinavyohifadhi umeme, zimekauka miaka hamsini, zinapasuka au zinaunguza transfoma, na transfoma ndo hupati nyingine. Angalia kwanza nyuma imewekwa volti ngapi, nyingine zimeachwa kwenye 110. Halafu fundi aiwashe kwa kupitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 ya kizamani kwanza, balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo ujue ndani kuna shoti, unazima, redio imepona. Yangu ilichukua miezi mitano na kapasita kumi na moja. Siku ilipowaka ilikaa kimya, vali zinapata moto taratibu, moja moja zinaanza kuwa nyekundu, nusu dakika nzima nimeshika pumzi, halafu ikaja ile sauti nzito ya chini, vuuu, kabla hata ya stesheni. Nilimpigia simu mama nikaiweka simu kwenye spika. Akasema ndo yenyewe.

Mzee Senti

Marahaba wanangu. Nimefurahi vijana mna mambo haya.

Mimi nakusanya sarafu, nilianza na mkebe wa mama yangu mzazi. Alikuwa ametunga senti tano na senti kumi za mkoloni kwenye kamba, zile zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu. Halafu zile zetu wenyewe za 1966, senti tano ina samaki, senti ishirini mbuni, hamsini sungura, shilingi mwenge. Mtoto wa leo ukimuwekea mkononi ile ya sungura anacheka, na mimi nacheka naye, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo nilipopewa ya kununulia maandazi.

Nataka kuwaonya kwa jambo moja kwa sababu nimeona watu wameuza shamba. Mambo ya rupia na mali za Mjerumani. Mtu anakuja usiku, ana sarafu kwenye kitambaa cheusi, anasema ina nguvu, kuna mnunuzi anatoa mamilioni, wewe toa hela ya njia. Hakuna nguvu yoyote mle. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm amevaa kofia ya chuma, ina uzito wa gramu 11.66, na haishiki sumaku. Ukiwa na mizani ndogo ya sonara na sumaku ya spika mbovu, unawamaliza matapeli wengi bila kugombana. Zile zilizogongwa Tabora 1916 wakati wa vita, Mjerumani amekosa njia ya kuleta hela, heller ishirini, senti za rupia, za shaba, zinapatikana bado kwa watu na ni nzuri mno, zimekaa vibaya vibaya unaona kabisa haraka ya vita. Ya dhahabu ya rupia kumi na tano, yenye tembo na nyuma yake mlima wetu Kilimanjaro, hiyo mimi nimeiona kwenye picha tu, ukiletewa gizani ujue ni uongo.

Na sarafu usiisugue kwa limau na majivu. Ile rangi nyeusi ndo umri wake.

Halafu bangili na vitu vya pembe za ndovu, hata kama ni vya bibi yako, usinunue wala usiuze, utaishia pabaya. Na vitu vya kale kabisa vya kimila vina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kabla hujamuuzia mgeni anayesafiri nacho nenda kaulize Makumbusho pale Boma la Arusha.

Kijana wa Soweto

Mzee shikamoo. Nimetoka kuangalia kwenye kopo la misumari la baba, ipo ya samaki mbili!!

Mama Chemli, Moshi

Nimerudi wakuu, samahani nilikaa kimya wiki mbili.

Nilipanda Uru Jumamosi ile na chupa ya mafuta ya taa kama Fundi alivyosema. Bibi akaleta kigoda akakaa pembeni yangu anaangalia. Siku ya kwanza hakuna kitu. Nikamwachia chupa mjukuu awe anadondoshea kila jioni. Jumatano akanipigia, shangazi imesogea kidogo kama upana wa kucha. Jumamosi iliyofuata nikafika, tukaisukuma mimi na yeye, ikalia kama mlango, ikaachia. Ile gundi ya kahawia aliyoisema Fundi ilikuwa inatoka kama asali, tulifuta mpaka kanga yangu nzee ikaisha. Kisha mafuta ya cherehani. Kisha gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Bibi hakusema neno. Akaingia ndani akatoka na kikopo, ndani kuna sindano, vijiti vya uzi vinne, na uzi mweupe umeshakuwa njano. Macho hayaoni vizuri, mjukuu ndo alimpitishia uzi kwenye sindano, lakini ule mtumbwi aliuweka mwenyewe kwa kupapasa, ukaingia mara moja tu, tak! Akavuta pindo la kanga niliyovaa, hii mpya, lilikuwa bado halijapindwa, akalikunja kwa kidole, mkono wa kulia ukaanza kuzungusha. Akashona upande mzima bila kusimama. Anasema alinunuliwa na mume wake kwa hela ya kahawa mwaka aliojifungua mtoto wa pili, na kwamba alishona sare za shule za nusu ya watoto wa pale kijijini, akaanza kuwataja kwa majina, na wengine wapo wamezeeka.

Nikamuuliza, bibi, bei ni ile ile au unataka kuongeza? Akaniambia leta na upande wa pili.

Nimeahidi kurudi Jumamosi hii. Fundi, uzi wake ule wa zamani unakatika katika, ninunue namba ngapi kwa mashine kama hiyo? Na mkanda mdogo wa kile kifaa cha kujazia uzi kwenye vijiti umekatika, hapo mjini Arusha unaweza kunipatia nikamtumia na basi la asubuhi?

Fundi Sanawari, Arusha

Nunua wa polyesta wa kawaida namba 40, usimpe uzi mnene. Hicho kifaa cha kujazia mara nyingi ni ringi ya mpira siyo mkanda, ninazo za kukata, nipimie upana wake kwa rula unitumie picha inboksi. Nitampa kondakta Ijumaa asubuhi, na chupa ya mafuta juu yangu, mwambie bibi fundi wa Arusha anamsalimia.